Aliyeiba na Aliyeazima

Upande wangu wa kushoto ulikufa nikiwa kazini, kwenye yadi ya magari iliyo kando ya barabara kuu, ukitoka Zinga kuja Bagamoyo mjini. Watu wengi wa huku wanaijua habari hiyo, na wanaijua vibaya. Wanachojua wao ni kwamba niliiba vipuri vya tajiri wangu, nikasomewa Albadiri, ikanipiga. Mpaka leo nikipita sokoni na fimbo yangu hakosekani mama wa kumvuta mwanawe pembeni na kumnong'oneza, "Unamwona yule? Usiguse cha mtu."

Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini kuandika najua, na mkono wa kulia Mungu ameniachia. Waliofanya nitawataja. Majina yao nayaacha kwa ajili ya watoto wao, maana mtoto hula anachopewa na baba yake bila kuuliza kimetoka wapi. Vyeo vyao navitaja: Mkuu wa Mauzo na Mkuu wa Gereji. Aliyepata kufanya kazi pale hatahitaji zaidi ya hapo.

Yadi yenyewe ilikuwa hivi. Mbele, juu ya kokoto, yamepangwa magari ya mtumba kutoka Japani, yameoshwa mpaka yanang'aa; hapo ni Mauzo. Nyuma, chini ya mabati, wanatengeneza magari ya wateja. Hapo ni Gereji. Katikati kuna chumba chenye mlango wa chuma na dirisha la nondo, ndani mna betri, matairi, taa, vichujio, mikanda. Hapo ni Stoo. Stoo nilikuwa mimi peke yangu. Tajiri, ambaye ukoo wao umefanya biashara katika mji huu tangu enzi za babu zake kuuza vitambaa, alinikabidhi ufunguo kwa sababu alinijua tangu nikiwa mchukuzi wa mizigo dukani kwa baba yake. Alisema, "Huyu hata ukimsahaulia sarafu mfukoni mwa shati la kufua atakurudishia." Maneno hayo aliyasema mbele ya watu. Nayakumbuka kwa sababu baadaye aliyasema tena, kwa kuyacheka.

Pale yadini neno kuchukua halikuwapo. Kulikuwa na kuazima.

Watu wa pwani wanalijua neno hili lilivyo. Jirani akija kuazima kinu humuulizi atakirudisha lini. Akitaka ngazi unampa, akitaka mbuzi ya kukunia nazi unampa, na ukimnyima utaitwa mchoyo mpaka na wajukuu zake. Kitu chako kinazunguka mtaa mzima, siku moja unakikuta nyumba ya nne kutoka kwako, unakichukua na kushukuru. Desturi hiyo ya jikoni ndiyo waliyoileta kazini.

"Mzee wa Stoo, niazime betri," anasema Mkuu wa Gereji, kaegemea dirisha langu la nondo kama mtu aliyekuja kuangalia mfungwa.

"Yako iko wapi?"

"Nimewaazima Mauzo. Kulikuwa na gari la mteja linagoma kuwaka."

"Na ya gari lao?"

"Si waliniazima mimi wiki iliyopita?"

"Basi warudishe yako, uwarudishie yao, mimi hii yangu nibaki nayo."

"Ah, Mzee wa Stoo! Betri moja unafanya hesabu kama mirathi!"

Watu wanacheka, na mimi natoa betri. Ungefanyaje? Ukimkatalia, mchana utasikia kule nyuma wanasema Stoo ana roho mbaya, anakalia mali ya Tajiri kama ya mama yake. Na Mkuu wa Mauzo naye hakuja mikono mitupu. Alikuwa na maneno matamu kuliko watu wote wa wilaya hii. Alikuwa mrefu, shati jeupe, harufu ya marashi inatangulia yeye anafuata. Akitaka vioo vya pembeni vinne vya gari aina fulani alikuwa anasema, "Mzee wangu, shikamoo. Wewe ndiye baba yetu hapa. Bila wewe sisi ni yatima." Yatima anaondoka na vioo vinne.

Tajiri alikuwa na tabia ya kuja bila taarifa kukagua kila idara. Akianza mbele, matairi yanaviringishwa kutoka nyuma yakakae mbele. Akimaliza mbele akaingia ofisini kunywa kahawa, matairi yale yale yanarudi nyuma. Tajiri akifika Gereji anayakuta, meusi, yamepangwa, anafurahi. Mkuu wa Mauzo alikuwa na jina la mchezo huo, aliuita kusitiriana. "Idara isiaibike mbele ya mwenye mali," alikuwa akisema. "Leo wewe, kesho mimi." Kusitiriana ni jambo jema katika dini yetu, ila tairi halina aibu ya kusitiriwa.

Kama yangekuwa yanazunguka tu humo humo ndani, nisingeandika haya. Lakini vitu vilianza kupanda bodaboda. Kitu kinaazimwa asubuhi, adhuhuri kimefungwa kwa mpira kwenye kiti cha nyuma kinaelekea Dar. Niliwaona kwa macho yangu kupitia dirisha langu: Mkuu wa Gereji anafunga, Mkuu wa Mauzo amesimama barabarani kuangalia kama gari la Tajiri linakuja. Hawakujificha sana. Walinipungia mkono.

Nilikwenda kwa Tajiri. Nilimwambia, "Vitu vinatoka."

"Vinatoka au vinaazimwa?"

"Vinaazimwa, halafu vinatoka."

Alicheka, akasema nyie watu wa idara mna wivu kama wake wenza, akanipa kahawa. Nikanywa, nikarudi kwenye chumba changu.

Mambo yaliharibika siku ilipokuja familia kutoka Mlingotini kuchukua gari lao. Lilikuwa gari lao la kwanza tangu dunia iumbwe. Baba, mama, watoto, shangazi, na bibi mmoja mzee amevaa khanga mpya bado ina gundi ya dukani, mkononi ana chupa ya marashi ya mawaridi kwa ajili ya kulinyunyizia. Mkuu wa Mauzo akafungua mlango kwa madaha, akamkalisha baba nyuma ya usukani, akasema, "Bismillahi, washa."

Akawasha. Kimya. Akazungusha tena ufunguo. Kimya kabisa, hata kule kukohoa kwa gari bovu hakuna. Bibi akaendelea kunyunyiza marashi.

Wakafungua boneti. Betri hakuna, nyaya zinaning'inia. Dainamo ya kuchaji betri hakuna, pamebaki tundu. Shangazi akafungua buti kutafuta sijui nini, tairi la akiba hakuna, jeki hakuna. Bibi akachungulia ndani ya boneti muda mrefu kama anayetazama maiti, halafu akamuuliza Mkuu wa Mauzo kwa sauti ya upole kabisa:

"Mwanangu, gari hili lilikufa lini?"

Tajiri alikuwa amesimama pale pale. Amekuja makusudi kuwapa mkono, maana baba yule alikuwa mtu wa kuheshimika kule kwao. Mkono ule aliurudisha mfukoni. Watu wa Mlingotini walikodi usafiri wakarudi na khanga zao mpya, na sisi tuliitwa wote ukumbini.

"Nani kachukua?"

Gereji wakasema wao waliazima Stoo. Mauzo wakasema wao pia waliazima Stoo. Stoo ni mimi. Nikasema mimi ndiye ninayeazimwa, vitu vinatoka kwangu vinakwenda kwao, na kutoka kwao vinakwenda Dar kwa bodaboda. Mkuu wa Gereji akashika kifua. "Mimi? Mimi, Mzee wa Stoo?" Mkuu wa Mauzo hakupandisha sauti, akamgeukia Tajiri akasema, "Tajiri, ufunguo uko kwa nani?" Hilo tu. Na mafundi wote wa chini, ambao wale wawili waliwafunga midomo kwa chakula cha mchana, wakatazama sakafu.

Polisi Tajiri hakuwataka. Alisema wakiingia watayashikilia magari kuwa ushahidi, mpaka kesi iishe yameota majani. Akasema ataleta Maalim isomwe Albadiri, na mwenye haki hana cha kuogopa.

Kwa asiyejua: hicho ni kisomo kizito. Hutajwa humo majina matukufu, na mwizi huombewa adhabu, wengine wanasema tumbo linavimba, wengine wanasema wazimu, wengine kifo. Masheikh wengine wanakikataza. Mimi sina elimu ya kusema ni halali au si halali, wala sitasema neno moja baya juu ya majina yaliyosomwa pale. Ninaosema habari zao ni watu waliokuwa wamekaa mkekani.

Nilifurahi. Lazima niseme kweli, nilifurahi sana. Nilijua jina langu litasafishwa. Nilioga, nikavaa kanzu, nikamwambia mke wangu leo utaona.

Maalim alitoka mbali, alikuwa mtu mfupi mwenye haraka. Ubani ukawashwa, tukakaa, kila idara upande wake kama kwenye harusi. Kabla hajafungua kitabu akauliza swali, na swali hilo ndilo lililonifanya niwe hivi.

"Nisome juu ya nani? Juu ya aliyechukua au juu ya aliyeiba?"

Mkuu wa Mauzo alijibu kabla Tajiri hajameza mate. "Aliyeiba, Maalim. Kuchukua kila mtu anachukua. Mimi nimechukua kalamu ya ofisi, iko hapa mfukoni. Utatuua sote."

Watu wakacheka kidogo, kwa hofu.

"Kweli," akasema Mkuu wa Gereji, jasho linamtiririka. "Na kuazima, Maalim? Kuazima kunaingia?"

"Kuazima si wizi," Maalim akasema.

"Umesema mwenyewe, Maalim," akadaka Mkuu wa Mauzo. "Kuazima si wizi."

Nikanyanyua mkono. Nikasema, "Maalim, soma juu ya aliyechukua na hakurudisha."

Tajiri akanikunjia uso. "Wewe sasa unamfundisha Maalim kusoma?"

"Simfundishi. Naomba neno."

"Aliyeiba linatosha," Maalim akasema, akaangalia saa yake. "Mungu anajua."

Niliwatazama wale wawili. Mabega yao yalishuka. Mkuu wa Gereji alitoa pumzi ndefu kama mtu aliyeshushiwa gunia. Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo mpaka leo linanisumbua kuliko wizi wenyewe: hawakuwa makafiri wale. Walikuwa wanaamini sawasawa na mimi. Waliogopa kisomo kile mpaka mifupani, ndiyo maana walipigania lile neno kama watu wanaopigania boya. Walichokuwa wamefanya miaka yote ile walikiita kuazima mpaka kikawa kuazima ndani ya mioyo yao, na sasa wakaona hata Mungu amekubali.

Kisomo kikasomwa. Tukaitika amina wote, wao kwa sauti kubwa kunizidi.

Baada ya hapo yadi ikawa mahali pa ajabu. Watu waliacha kuumwa. Yaani hakuna aliyethubutu. Mtu akipiga chafya, nusu ya Gereji inanyamaza na kumwangalia. "Imeanza!" wanasema, wanacheka, lakini wanasogea. Mhasibu alipata jipu akalificha chini ya shati mpaka lilipopasuka lenyewe ofisini. Mkuu wa Mauzo alivimba shavu kwa jino. Akaja kazini anatabasamu upande mmoja, ukimuuliza anasema, "Nyuki, ndugu yangu, nyuki kaniuma," kwa wiki nzima nyuki huyo huyo. Mkuu wa Gereji alikuwa na malaria mimi nikiona. Alikaa juani katikati ya mchana amevaa ovaroli na koti juu yake, meno yanagongana, akiulizwa anasema anapenda joto.

Mimi nina presha. Nilikuwa nayo tangu zamani, nakunywa vidonge, na kila vikiisha nakwenda zahanati kuchukua vingine. Zahanati ile iko mkabala na kituo, mafundi wote wanashukia pale asubuhi. Vidonge viliisha majuma machache baada ya kisomo. Nikajiuliza, nikionekana nimekaa kwenye benchi la wagonjwa watasema nini? Nikasema nitakwenda mambo yakipoa. Mke wangu akaniuliza, "Vidonge je?" Nikamwambia vipo. Sikuwa nimeiba hata msumari, na nilikuwa naogopa kuumwa kama wezi wenyewe. Mwenye haki hana cha kuogopa, alisema Tajiri. Aje akae kwenye lile benchi.

Ilikuwa asubuhi, nimefungua stoo, nimenyanyua katoni ya vichujio kuiweka rafu ya juu. Mkono wa kushoto ukaiacha. Nikaiona katoni inaanguka na sikuelewa ni nani aliyeiachia. Halafu mguu. Nikaanguka mlangoni, kichwa nje kwenye kokoto, miguu ndani. Nilikuwa nasikia kila kitu. Naona viatu vinakuja, vinakuja vingi, vinasimama.

"Imempata," mtu akasema.

"Lahaula."

"Kumbe ni yeye kweli."

Nikataka kusema presha, niitieni gari, presha. Kilichotoka mdomoni ni mate. Wakaona mdomo ulivyokwenda upande wakazidi kurudi nyuma. Mkuu wa Mauzo alikuwa mbele kabisa, kiatu chake cheusi nilikijua. Akasema maneno haya, nami namshitaki nayo mbele ya Mungu: "Msimguse. Ukimgusa inahamia."

Palikuwa na magari mengi kuliko popote wilayani, yote yamelala juu ya kokoto. Hakuna aliyewasha hata moja. Nililala pale jua likanihama kutoka shingoni mpaka usoni. Aliyekuja kunitoa ni mama lishe aliyekuwa akituletea chai na chapati. Aliweka beseni lake chini akapiga kelele, "Nyie wanaume, huyu ni mtu au ni mzoga? Mshikeni!" Hawakushika. Akanivuta mwenyewe kwapani mpaka barabarani, akasimamisha bajaji. Mungu amlipe. Alikuwa akiniambia njia nzima, "Tubu tu, kaka yangu, tubu moyoni, Mungu anasikia." Hata yeye.

Daktari alisema kiharusi, alisema presha, alisema mngemleta mapema angepata nafuu kubwa zaidi. Akaniuliza vidonge niliacha lini. Nikashindwa kumjibu kwa sababu ulimi ulikuwa haujarudi. Ulimi ulirudi baadaye, na uliporudi hakukuwa na aliyekuwa akiusubiri. Wageni walikuja nyumbani kutazama. Wanasalimia, wanakaa ukingoni mwa mkeka, wananiangalia mdomo, wanaondoka. Nikisema sikuiba, wanatikisa kichwa kwa huruma, "Pumzika, mzee, usijichoshe."

Nilisema moyoni, nitasimama. Nikisimama nitakwenda yadini kwa miguu yangu wataona sijafa, wataona haikuwa hiyo.

Kumbe mke wangu alikuwa amekwisha nitangulia.

Alikwenda kwa Tajiri na wifi yake, dada yangu mimi, bila kuniambia. Walibeba majogoo wawili na mchele. Alikaa chini sakafuni ofisini kwa Tajiri, akalia, akasema, "Mume wangu amekosa, shetani alimpitia. Msamehe, Maalim ategue, asife akaniacha." Tajiri alikuwa na moyo mzuri siku hiyo. Alisamehe. Alimwita Maalim, kisomo kikateguliwa, majogoo wakachinjwa, mafundi wote wakala pilau ya kusamehewa kwangu.

Nilianza kutembea mwezi ule ule. Basi ikawa imekwisha. Nilipoanguka ilikuwa ushahidi, na nilipoinuka ikawa ushahidi wa pili. Nilimuuliza mke wangu kwa nini.

"Nilitaka upone," akasema.

"Kwa kusema mimi mwizi?"

"Ulikuwa husemi, hugeuki, unajinyea. Nilitaka upone." Halafu akaniuliza, bila ya kuniangalia: "Kwani kweli hukuchukua?"

Miaka ya ndoa yetu ni mingi, watoto wetu wakubwa wana watoto. Nilikunywa uji wangu.

Vitu yadini viliendelea kupotea. Nilisikia. Mwenye ufunguo alikuwa mwingine, halafu mwingine tena. Hakuna aliyesema labda tulimwonea yule mzee. Mwili wangu ulikuwa ushahidi tosha, unapita barabarani kila siku unaburuta mguu.

Mwaka huu Mkuu wa Gereji alikuja nyumbani. Asubuhi, nimekaa barazani, naona kanzu nyeupe inaingia uani na boksi la halua mkononi. Amenenepa. Tukasalimiana, akakaa, akanijulia hali ya mguu kana kwamba ni mtu wa tatu aliyekaa nasi. Halafu akasema, "Ndugu yangu, Mungu akijaalia safari hii nakwenda kuhiji. Nazunguka kuomba radhi kwa watu wote. Kama nimekukosea, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe."

"Kwa kujua."

"Ndiyo, kwa kujua au kwa kuto..."

"Hiyo ya pili iondoe. Kwa kujua ulinifanya nini? Sema, nikusamehe kitu ninachokijua."

Akaangalia mlango wa uani. Akapunguza sauti. "Tulitoa vitu."

"Nani na nani?"

"Mimi na Mauzo."

"Na mimi?"

"Wewe hukutoa kitu. Wewe ulikuwa na ufunguo tu."

"Na siku ile mkataka isomwe aliyeiba."

"Tuliogopa," akasema. Na kwa kweli macho yake yalikuwa na hofu mpaka muda ule. "Mwenzangu aliniambia, ukinuia kuazima basi ni kuazima. Mimi nikanuia. Wallahi nilinuia."

"Haya. Nenda kwa Tajiri ukayaseme hayo hayo."

"Nikirudi."

"Ukirudi utakuwa alhaji. Alhaji gani anasema maneno kama hayo? Nenda leo."

"Nikisema leo safari itavunjika. Nina familia, ndugu yangu." Akashika goti langu, lile lisilosikia. "Na wewe, usinifahamu vibaya, watu wameshakuzoea hivyo ulivyo."

Nikamwambia radhi yangu hana. Akakaa kidogo, akidhani nitabadilika. Halafu akainuka, halua akaiacha, akasema Mungu ni mwingi wa rehema, akatoka.

Mke wangu alikuwa jikoni, ukuta wa makuti tu kati yetu. Alitoka mikono ina unga. Aliosha mikono, akavaa baibui lake, akaenda barabarani kusubiri usafiri wa kwenda yadini. Nilimwita, hakugeuka. Nilikaa pale barazani mpaka kivuli cha nyumba kikahamia upande wa pili, nikifikiri, leo. Aliyenifunga ndiye aliyekwenda kunifungua. Leo litasemwa.

Alirudi jua limepungua makali. Akakaa ngazini, akavua viatu. Alinieleza taratibu. Alimkuta Tajiri, akamwambia yote aliyoyasikia kwa masikio yake. Tajiri akamwita Mkuu wa Gereji. Akaja, akamwangalia mke wangu vizuri, akasema, "Shemeji, mimi nilikwenda kumjulia hali mgonjwa." Mkuu wa Mauzo naye alikuwepo, akasema maskini, uzee. Na Tajiri akamwambia, bila hasira, "Mama, ni wewe ulikaa hapa hapa sakafuni ukalia ukaniambia mumeo amekosa. Leo unaniambia hakukosa. Nishike neno lako lipi?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nilitaka upone."

"Halafu?"

"Wakaniletea maji baridi."

"Ukanywa?"

Alikuwa anakung'uta vumbi la kokoto kwenye viatu vyake, kimoja kimoja.

"Nilikuwa na kiu," akasema.